Sauti ya Chepkorir Kwenye Waya

Jumanne, 11 Machi 2025

Daktari wa moyo amezungumza nami leo kwa upole ambao watu huutumia wakiwa wameshakata tamaa. Maji yamerudi miguuni. Nilipomuuliza kama nitaimaliza mvua hii inayokuja, alisema, "Tutaona, Mama." Nilifundisha hesabu hapa Konoin hadi nilipostaafu. Namjua mtu anayekwepa kutaja jibu.

Basi nitaandika kila nitakapopata nguvu, na nitaandika ukweli, hata ule usionipendeza. Mimi ni Rodah, mke wa pili wa Kipsang, wa hapa Boito. Sikuolewa juu ya mwenzangu. Nilipokuja, mwenzangu alikuwa tayari amezikwa kule nyuma ya mikaratusi. Chepkorir alikufa akaacha mtoto anayetambaa, Kimeli, nami nikamlea Kimeli kama wangu, kwa kuwa wa kwangu hawakuja. Kijiji kizima kinaniita Mama Kimeli. Kimeli sasa ana mvi, na mwanawe Kiplimo anangoja mtoto wa kwanza.

Mvua bado. Majani ya chai yamejikunja kama ya kuchomwa.

Jumatano, 12 Machi

Jua. Miguu mizito. Kipsang, Mzee wangu, amekula vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Chelangat amekuja. Ni dada yake Kiplimo, ana kibanda cha vitu vya simu pale sokoni. Mwezi jana alipokuwa akinitafutia blanketi sandukuni alikuta kaseti kuukuu, akaipeleka kwa fundi mmoja wa Sosiot ambaye bado ana mashine ya kaseti, na fundi akaihamishia kwenye kadi. Leo ameleta hiyo kadi, redio ndogo ya kuichezea, na hedifoni kubwa nyeusi alizozipata studio moja ya Kericho ilipofungwa.

"Kogo, hii kitu ni original," aliniambia; kogo kwetu ni bibi. "Babu atasikia mpaka panya wa kwa jirani."

Mzee hasikii karibu chochote siku hizi. Kanisani mimi ndiye ninayempigia kelele sikioni kile mchungaji alichosema, na watu wamezoea kuhubiriwa mara mbili. Aliishika pini ya hedifoni, ile kubwa nene kama kidole cha mtoto, akaigeuzageuza.

"Hii ni pini ya gitaa," alisema kwa sauti ya juu, kama wasiosikia wanavyosema. "Lakini yangu ilikuwa na mstari mmoja mweusi. Hii iko na miwili."

"Ni stereo, Babu. Kushoto na kulia."

"Ati nini?"

"Masikio mawili!"

"Masikio mawili niko nayo. Hayafanyi kazi."

Tukacheka sote. Tundu la redio lilikuwa dogo, kwa hiyo Chelangat akaweka adapta: pini kubwa inaingia nyuma yake, na mbele inatokea pini ndogo. Akamvika Mzee, akabonyeza.

Sikujua ni wimbo gani. Ningejua, ningesema betri zimeisha.

Uso wa Mzee ulitulia kwanza, kisha ukawa wa mtu nisiyemjua. Vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kubonyeza goti, kimoja hapa, viwili pale, vikihama. Nimeishi na mkono huo tangu nilipoolewa. Nimeuona ukikata matawi ya chai, ukikamua, ukishika mkono wa jembe. Sikuwahi kuuona ukifanya hivyo.

"Ni Mama Kimeli," akasema, akinitazama bila kuniona. "Mama Kimeli anaimba."

Jumapili, 16 Machi

Nimeusikiliza wimbo huo mwenyewe, Mzee akiwa malishoni. Waliurekodi Nakuru kabla Kimeli hajazaliwa. Gitaa la Mzee liko sikio la kushoto. Sikio la kulia wako waitikiaji wa kwaya. Na katikati kabisa, mahali ambapo si kushoto wala kulia, kama mtu aliyesimama ndani ya paji la uso wako, yumo Chepkorir. Anaimba juu ya mwanamke aliyejikinga mvua kwenye kibanda cha kupimia chai, anangoja ipungue arudi nyumbani. Sauti nyembamba, safi, isiyo na haraka.

Nilitaka iwe mbaya. Nilisikiliza mara ya pili nikitafuta kasoro.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imeanza saa tisa. Mongina amerudi ameloa, anacheka. Mongina ni mama wa Kikisii aliyekuja zamani kuchuma kwenye mashamba makubwa. Sasa anachuma chai yetu na kuniosha miguu. Anasema majani yatachipuka kama uyoga.

Mzee hakuusikia mshindo wa mvua juu ya mabati. Alikuwa na hedifoni.

Jumatano, 19 Machi

Kutoka chakula cha mchana hadi saa za kukamua, Mzee yuko na huyo wa kwenye waya. Wimbo ukiisha anaurudisha. Nikimgusa bega anainua kiganja: ngoja. Miaka yote mimi ndiye nimekuwa masikio yake, na sasa ninaambiwa ningoje. Daktari amesema tutaona, mvua imeshafika, na mume wangu anautumia huu wakati wangu uliobaki kwa mke wake wa kwanza.

Mongina ameniona ninavyomtazama. "Mwalimu, unaonea wivu mtu wa kaburini? Huyo hata ugali hampikii Mzee."

Nikamwambia afagie.

Alhamisi, 20 Machi

Limetokea jambo dogo. Mongina akifagia aliukwaza waya kwa ufagio, nami nikainama kuurudisha. Sikuuona umetoka. Nikazivaa hedifoni kuhakikisha. Gitaa lilikuwepo, waitikiaji walikuwepo, lakini Chepkorir hakuwepo. Palikuwa na uwazi mahali pake, na ndani ya uwazi kitu kama mwangwi wa mtu aliyeondoka chumbani punde.

Nikaichunguza adapta. Pini kubwa ilikuwa imetoka nyuma kwa upana wa ukucha tu. Nikaisukuma: akarudi. Nikaivuta: akaondoka. Nikaisukuma, nikaivuta.

Nilikaa nikafikiri kama mwalimu. Mistari ile miwili myeusi inaigawa pini sehemu tatu. Ncha ni ya sikio la kushoto, ya kati ni ya kulia, na shina ni njia ya kurudia umeme kwa zote mbili. Shina lisipogusa vizuri, upande mmoja unatolewa kutoka kwa mwingine. Kilichoko upande mmoja tu kinabaki. Kilicho sawasawa pande zote mbili, ukikitoa kutoka kwa mwenzake, jibu ni sifuri.

Na yeye walimweka katikati.

Niliirudisha pini vizuri. Naandika hilo kwa sababu leo niliirudisha.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimeivuta.

Mzee alivaa, akabonyeza, akangoja. Akaigonga redio. Akageuza kadi. Akavua, akapuliza hedifoni, akavaa tena. "Mama Kimeli," akaniita, na safari hii alikuwa ananiita mimi. "Haimbi."

Nikampigia kelele sikioni: "Mimi sijui mambo ya waya!"

Akamwita Mongina asikilize. Mongina, ambaye hakuwahi kuusikia wimbo ule, akazivaa, akatikisa mabega. "Inaimba vizuri, Mzee! Gitaa tamu kabisa!"

Mzee akaangalia chini. Nilijua alichokielewa: kwamba redio ni nzima, mbovu ni yeye.

Jioni alikaa nami. Nilimpigia kelele habari za jirani, naye akaitikia. Nilifurahi. Sitaandika kwamba sikufurahi.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Amekaa nami tangu mchana.

Jumanne, 25 Machi

Mvua ya mawe juu ya Boito. Chai ya upande wa mto imechanika. Amekaa nami.

Jumapili, 30 Machi

Chelangat alikuja baada ya ibada, matope hadi magotini. Mzee alikuwa ng'ombeni. Kabla hajakaa, mimi, nisiyeweza kwenda chooni bila kushikwa, nilikuwa nimeshafika kwenye redio na kuisukuma pini.

"Babu analia ati haimbi," alisema, akasikiliza. "Si huyu hapa anaimba? Iko poa tu. Labda ni masikio, Kogo."

"Labda," nikasema.

Akamfuata Mzee zizini amwambie iko sawa. Walipokuwa wanarudi nikaivuta tena. Mzee akavaa mbele yake, akasikiliza muda mrefu, akavua.

"Iko sawa," akamwambia Chelangat, na kumpiga kichwani kidogo kama alivyokuwa akimpiga alipokuwa mdogo. Hakutaka mtoto ajue.

Siku ile ya kwanza ningeweza kusema mkono uliteleza. Leo siwezi.

Ijumaa, 4 Aprili

Kimeli amempeleka baba yake Kericho kwa daktari wa masikio. Jibu: masikio ni yale yale ya mwaka jana, hayajazidi kuharibika. Kimeli aliliona jibu hilo kuwa zuri. Mzee hakuliona hivyo. Kama si masikio, ni nini?

Jumatano, 9 Aprili

Mzee hali chakula. Mongina amempikia mboga za managu na ugali wa wimbi, amesukuma sahani.

"Mzee, hata kuku wangu anakula kuliko wewe," Mongina alimpigia kelele.

"Kuku wako hajakosana na mtu," akajibu.

Nikamuuliza amekosana na nani. Akasema kwa ile sauti yake ya juu, hata wachumaji wa shamba la jirani nadhani walisikia: "Nilipokuoa niliuza gitaa. Niliuza bila kwenda kaburini kumwambia. Sasa ameniachia gitaa peke yake. Anasema, haya basi, cheza mwenyewe."

Akaongeza, kwa aibu kidogo: "Na pale katikati ya wimbo nilikosea kucheza. Miaka yote hiyo sauti yake ilinifunika, sikujua."

Sikujua kwamba gitaa liliuzwa kwa ajili yangu. Aliniambia mikono yake imekuwa migumu kwa kukata chai. Nilipaswa kufurahi kujua. Nilichofikiri ni kwamba sasa ninadaiwa na mwanamke huyo kitu kingine tena.

Sikuisukuma pini.

Jumapili, 13 Aprili

Amekula! Amekula sahani mbili na kuomba mursik, maziwa yetu ya mgando. Nilidhani amenisamehe kosa asilolijua. Lakini alikuwa amelijibu fumbo lake mwenyewe, nami nilipolisikia jibu nilishika meza.

Sisi Wakipsigis mtoto anapozaliwa, wanawake wazee wa nyumba humtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Jina alilolipigia chafya ndilo lake, na mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Tunaita kurenet. Mchungaji anajua; huja baadaye na ubatizo wake na hatuulizani maswali.

"Hakunikasirikia," Mzee aliniambia, macho yake yanang'aa. "Ameondoka kwenye waya kwa sababu yuko safarini. Mke wa Kiplimo amebakisha wiki chache tu, si ndio? Anakuja na mtoto. Mtu hawezi kuwa mahali pawili."

Nilimtoa kwa upana wa ukucha, naye anakuja kupitia mlangoni.

Jumatatu, 14 Aprili

Ameanza kutengeneza kigoda cha mtoto. Mikono yake inatetemeka, lakini kinasimama.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Sikwenda kanisani, sipumui vizuri nikitembea. Nimelala kitandani nikipiga hesabu za wivu wangu.

Mtoto huyo atazaliwa katika nyumba niliyoijenga, kwa mjukuu niliyemlea baba yake, na atalala mgongoni kwa wanawake niliowafundisha kuandika. Ataitwa kwa jina la mtu aliyekaa humu miaka michache akaondoka na sauti nzuri. Nami siwezi kutajwa. Ili mtu atajwe, sharti afe kwanza. Nimechelewa kufa.

Jumanne, 22 Aprili

Leo umekuja mshale mwingine. Dada yake Mzee, Chepchirchir, amefika kutoka Londiani kumngoja mtoto. Huyu hajawahi kunipenda na hajawahi kuficha, nami namheshimu kwa hilo. Amekagua kigoda, amekagua miguu yangu.

"Mwalimu, umevimba. Utaita majina kweli? Wewe ndiye mama mkubwa hapa."

"Nitaita."

"Uite yote. Ndugu yangu anaweka moyo kwa moja."

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Kuna jambo linanisumbua zaidi ya kifua. Nikimwambia Mzee ukweli, atajua Chepkorir hakuondoka kwenye waya, na kwa hiyo hana sababu ya kuamini yuko safarini. Nitakuwa nimemnyang'anya mtoto. Nisipomwambia, nitakufa nikiwa nimemdanganya mtu aliyeuza gitaa kwa ajili yangu.

Ningesema hilo ndilo linaloninyima usingizi, ningeonekana mwema. Ukweli ni kwamba nilipofikiri kumwambia, moyo wangu mbovu uliruka kwa furaha. Ningetubu na ningemwondoa Chepkorir kwa mtoto, yote kwa tendo moja. Nilijua basi kwamba bado siwezi kutubu. Toba ambayo ndani yake napata faida sijui Mungu anaipokea kwa mkono gani.

Alhamisi, 1 Mei

Nilimwita Mongina, nikamwambia yote. Alikuwa ananikanda miguu. Akaacha.

"Aki, Mwalimu."

"Sema."

"Mimi nilisikiliza hiyo kitu nikamwambia Mzee iko sawa. Umenifanya niwe shahidi wa uongo bila mshahara." Kisha akaendelea kukanda, kwa nguvu kuliko kawaida. "Sasa unangoja nini?"

"Nangoja nisifurahie kumwambia."

"Hiyo haitakuja. Mwambie tu ukifurahia."

Jumamosi, 3 Mei

Nimemwambia.

Sikuweza kwa maneno. Kumwambia Mzee neno lolote ni kumpigia kelele, na Chepchirchir alikuwa jikoni. Kutubu kwa kelele hakufai. Nikamwomba Mongina anisogeze hadi kwenye kiti cha pembeni yake. Nikachukua hedifoni zilizokuwa zimelala na vumbi. Nikamvika. Alikataa kwa mkono, nikaushusha mkono. Nikabonyeza redio.

Nilimwona akisikia gitaa lake peke yake. Akanitazama kwa uchovu, kama kuniuliza kwa nini namtesa.

Nikaishika adapta nikaiinua mbele ya macho yake. Nikaisukuma pini kubwa ikaingia yote.

Sitasahau uso ule kwa siku nilizobakiwa nazo. Alifungua mdomo. Nikaivuta kwa ukucha. Nikaisukuma. Nikaivuta. Nikaisukuma, nikaiacha hapo, nikaweka mikono yangu mapajani ili aione.

Hakuangalia tena uso wangu. Aliangalia vidole. Wimbo ulikwenda hadi mwisho. Akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.

"Tangu lini?"

Nikamwonyesha dirishani, mvua.

"Tangu mvua ianze," akasema. "Nikaenda Kericho. Nikapimwa masikio. Ulinifunga skafu mwenyewe ili nisishikwe na baridi njiani."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilifikiri kichwa changu kimeanza kuoza, Rodah. Nilifikiri nitasahau na jina lako."

Hajaniita Rodah tangu miaka ya kwanza. Akasimama, akatoka bila koti, mvua ikiwa kubwa, akaenda akasimama katikati ya chai ambapo hakuna kitu cha kujikinga. Chepchirchir akatoka jikoni akapiga kelele amwite, lakini nani amwite Kipsang kwa kelele na asikie. Mongina ndiye aliyemfuata na gunia kichwani.

Aliporudi alikuwa anatiririka maji. Hakubadili nguo kwanza. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Kwa hivyo hakuondoka."

Nikatikisa kichwa.

"Kwa hivyo mtoto si yeye."

Hapa ndipo niliogopa furaha yangu. Nikaitafuta kifuani kama mtu anavyopapasa jino linalouma. Nilimkuta mzee aliyeloa tu, kigoda kidogo nyuma yake. Nikapaaza sauti yote niliyonayo, Chepchirchir asikie akitaka:

"Mimi sijui! Hesabu yangu haifiki huko!"

Akakamua maji kwenye mkono wa shati.

"Utaita wewe," akasema. "Jina lake utaliita. Na uliite kama la mtu, si kama unameza dawa."

Akaenda kubadili nguo. Ni kweli. Tangu nilipoingia nyumba hii sijawahi kulitamka jina lile kwa sauti. Nimekuwa nikisema "mama yake Kimeli wa kwanza", au "yule".

Jumatatu, 5 Mei

Hasemi nami. Anasikiliza. Pini imeingia yote.

Jumatano, 7 Mei

Hasemi nami. Chepchirchir anasema nami zaidi ya ninavyohitaji.

Ijumaa, 9 Mei

Mke wa Kiplimo, Chepkosgei, amejifungua msichana alfajiri ya leo, salama. Wanarudi nyumbani kesho.

Jumapili, 11 Mei

Naandika nikiwa nimeegemezwa mito. Mkono wangu hauko sawa, mwenye kusoma avumilie.

Tulikuwa chumbani wanawake tu: Chepkosgei na mtoto, Chepchirchir, Chelangat, Mongina mlangoni akijidai analeta maji, na mimi kwenye kiti cha mgongo mrefu. Mzee alikuwa sebuleni, kwa kuwa chumbani hapo si mahali pa wanaume. Zamani walimtia mtoto ugoro puani ili apige chafya. Sisi tunangoja tu.

Mtoto aliwekwa mapajani mwangu. Mdogo, mwekundu, amekunja uso kama mwanafunzi aliyeulizwa swali gumu. Nilianza na mama yake Mzee. Nikamwita, tukangoja. Hakuna. Nikamwita shangazi mkubwa. Hakuna. Nikamwita bibi aliyekufa mwaka wa njaa. Mtoto akapiga miayo, Chelangat akacheka akanyamazishwa.

Kisha nikasema, "Chepkorir."

"Mwalimu," Chepchirchir akasema, "umeita kama mtu anayeita kuku wa jirani. Hata mimi nisingekuja."

"Chepkorir," nikarudia.

Hakuna. Mtoto alilala.

Tukangoja kiasi cha heshima. Kisha Chepchirchir, na hili lazima niliandike kwa kuwa alilifanya kwa huruma, akashusha pumzi na kuniambia, "Basi. Umeita. Wote tumesikia. Taja anayefuata."

Mlango ulikuwa wazi hapo. Hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu. Nilikuwa nimetii, nilikuwa nimetubu, na sasa hata wifi yangu alinipa ruhusa. Jina lililofuata lilikuwa ulimini. Na ule wivu ulikuwepo, haukwenda popote, ulikaa kifuani pamoja na maji.

"Ngoja," nikasema.

Nilimwinua mtoto karibu na uso wangu. Nikamwita Chepkorir. Nikamwambia gitaa limeuzwa lakini mwenyewe yupo, amezeeka, hasikii, yuko upande wa pili wa ukuta. Nikamwambia Kimeli anaoga mwenyewe siku hizi, wakacheka. Nikamwambia mvua ile aliyokuwa akiingoja ipungue imepungua, arudi nyumbani. Nikamwita tena. Pumzi iliniishia katikati ya jina, nikaivuta nyingine, Chelangat akasema, "Kogo, pole pole, kifua," nikamsukuma kwa kiwiko. Nikaita kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kuita mstari wa shule nzima asubuhi ya baridi, sauti ambayo sikujua kama bado ninayo. Nikaita. Nikaita mpaka macho yangu yakaona giza.

Mtoto akafungua macho, akakasirika, akapiga chafya. Mara mbili.

Chepchirchir alipiga vigelegele, na Mongina akavichukua, na Chelangat akaanza kulia na kupiga picha kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa natafuta hewa. Nilipoipata, Mzee alikuwa amesimama mlangoni, mahali asipopaswa kusimama, mkono kwenye fremu.

"Nani ameita?" akauliza.

"Mimi!"

"Nimesikia," akasema.

Ijumaa, 16 Mei

Siondoki kitandani sasa. Mvua imepungua, wachumaji wanaimba shambani kwa jirani, au labda ni redio yao.

Mzee anakaa nami mchana. Ananisemesha, si mengi. Hajasema amenisamehe, nami sijamuuliza. Anajua nilivyo na anakaa. Jana alinivika hedifoni tusikilize, sikio moja moja, vichwa vyetu vimegusana, akanionyesha kwa kidole pale alipokosea. Mwanamke yule anaimba vizuri sana. Nimesema. Bado inaniuma.

Leo wameniletea mtoto. Wamemweka juu ya blanketi langu, jina lake zima mdomoni mwa kila mtu: Chepkorir ale, Chepkorir anacheka, Chepkorir amefanana na nani. Wakatuacha wawili. Nikamtazama, akanitazama, kisha akanikojolea, moto, hadi kwenye godoro.

Sikumwita mtu. Nilimwambia, "Haya, Chepkorir. Umefika nyumbani. Sasa tulale."